Mwaka Tulioandika Mayi

Juzi, kwenye kilio cha Mama Ngoie kule Kampemba, hapa Lubumbashi, mzee mmoja alisimama akiegemea fimbo ili atoe neno la kumuaga marehemu. Alisema mengi mazuri, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alimsifu kwa uchapakazi wake, kwa kicheko chake, kwa bukari, ugali wetu, aliyosonga bila donge hata moja. Kisha akatabasamu, akaongeza: "Lakini mashine, hapana! Yeye na rafiki yake Kalenga, mashine ilikuwa inabashinda. Balikuwa bamama ya makaratasi." Watu waliokaa chini ya turubai walicheka, kicheko kile cha msibani kinachopumzisha macho. Kalenga ni mimi. Nilikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, sahani ya sombe, majani ya muhogo, magotini, na sikucheka. Mzee yule ni Mulumba, aliyekuwa mkubwa wetu wa ofisi. Tangu nilipomjua, zaidi ya nusu ya maisha yangu, sijapata kumkatiza akiongea mbele za watu, na siku ile pia sikumkatiza. Lakini neno lake nalikataa. Nalikataa hapa, kwa maandishi, kwa sababu nimeona namna neno la kilioni linavyogeuka kuwa historia ya mtu. Mashine haikunishinda. Niliipenda mashine ile kuliko alivyoipenda yeye, na ndiyo sababu tuligombana.

Ulikuwa mwaka ule tulioacha majina ya ubatizo, wanaume wakaacha tai na kushona abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na kila mtu ofisini akawa "citoyen" au "citoyenne", yaani mwananchi, hata kama alikuwa shemeji yako. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya ukarani, nikaajiriwa na Kampuni, kama tulivyoiita sote bila kuongeza jina, kana kwamba duniani hakukuwa na kampuni nyingine. Walinipeleka chumba cha ramani. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, na kutoka pale uliona bomba refu la kiwanda na kilima cheusi cha takataka za shaba. Upande wa pili kulikuwa na makabati ya bati yenye droo pana na nyembamba, na ndani ya kila droo ramani za migodi ya chini zililala zimenyooka kama shuka zilizopigwa pasi. Za karatasi zilikuwa nyingi. Za zamani zaidi zilichorwa kwenye kitambaa laini cha pamba kilichotiwa wanga, na wanawake wa Lubumbashi walijua kwamba kitambaa hicho, ukikiloweka na kukifua vizuri, kinafaa nguo ya mtoto mchanga kuliko kitu chochote cha dukani. Chumba kilinuka amonia ya mashine ya kunakilia, na saa ya chakula kilinuka samaki wa kukauka, kwa sababu Mama Ngoie, mkuu wetu bila cheo, alitandika magazeti kwenye meza ya mwisho na kutulisha. Sheria yake ilikuwa moja: anayegusa bukari hagusi ramani mpaka anawe kwa ndimu. "Mafuta ya samaki ikiingia mu ramani," alituambia, "kesho bakubwa batachimba samaki."

Kazi yetu ilikuwa rangi, na nitaieleza polepole kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Wapimaji walipanda kutoka chini na vipimo vyao, wachoraji wakachora njia za mgodi kwa mistari, kisha ramani ikaja kwetu tuijaze kwa penseli. Nyekundu ilikuwa njia inayochimbwa sasa. Kijani ilikuwa njia iliyokwisha kazi na kujazwa mawe na mchanga. Buluu ilikuwa njia ya zamani iliyoachwa ikajaa maji. Mgodi wa chini hauko kama nyumba ambayo ukitoka chumba kimoja unakijua. Watu wanachimba leo kuelekea mahali ambapo baba zao walichimba na kuondoka, na kati yao na maji yale huenda pamebaki ukuta wa mwamba usiozidi unene wa kitanda. Atakayejua kama ni mwamba au ni maji ni yule anayetazama ramani kabla ya kuwaambia watu watoboe. Mume wa Mama Ngoie alikuwa mtoboaji. Ndiyo maana alipopaka buluu, alikandamiza penseli mpaka ikavunjika, akaichonga, akaendelea.

Kisha mashine ikaja. Ilikuja katika masanduku ya mbao, pamoja na fundi wa Kibelgiji aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi na kusema Kiswahili chetu kama mtu wa Kenya, mtaa wetu ule, si ile nchi. Ilikuwa kamera iliyosimama kichwa chini juu ya meza yenye taa. Unatandaza ramani, unakanyaga kibonyezo, inalia tak, na ramani kubwa kama mlango inakuwa picha ndogo kuliko kucha. Kabati zima likaingia kwenye filamu unayoweza kuibeba ndani ya kopo la nyanya. Pembeni ilikuwepo mashine ya kusomea, yenye kioo kama televisheni, ukizungusha mkono wake ramani zinapita moja baada ya nyingine. Fundi alinichagua mimi nijifunze, kwa kuwa mikono yangu haikutetemeka. Siku ya kwanza nilipoona njia za mgodi zikielea kwenye kioo kile, nilijisikia nimepewa macho mapya. Nilimwita kila mtu aje aone. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama yangu mpaka akaniambia nile kwanza. Kwa hiyo anayesema tuliogopa mashine hakuwepo, au alikuwepo akitazama kwingine.

Mulumba alikuwa anatazama mlango. Chumba chetu kilikuwa kikubwa na chenye mwanga, na kilikuwa kimeahidiwa kwa kamati ya chama. Ujumbe wa wakubwa wa chama ungekuja kukizindua, na kabla yake makabati yote yatoke. Amri ilikuwa hivi: ramani ikishapigwa picha, karatasi iende Kasungami kwa wachoma matofali, wawashie tanuri zao, ya kitambaa igawiwe wafanyakazi. Filamu itabaki, na filamu itatosha. Nami niliamini itatosha. Niliamini hivyo mpaka saa moja ya chakula Mama Ngoie alipokuja, mikono ikinuka ndimu, akaniomba nimwonyeshe kwenye kioo ngazi ya mgodi ambako mume wake anafanya kazi. Nikazungusha, nikasimamisha. Akasogea. Akasogea tena.

"Kalenga, mayi iko wapi?"

"Mayi gani, mama?"

"Mayi yangu. Hapa, nyuma ya galerie mupya, ile njia nyekundu. Nilipakaka miye mwenyewe."

Nikatoa ramani kwenye droo, tukaitandaza chini ya kioo. Kwenye karatasi buluu ilikuwa pale, nzito, imekandamizwa. Kwenye kioo palikuwa peupe, peupe kabisa, kama mwamba mzima ambao haujaguswa na mtu tangu uumbwe. Nyekundu ilionekana, imekuwa nyeusi. Kijani kilionekana kijivu. Buluu peke yake ilikuwa imetoweka. Tukatazama ramani nyingine, na nyingine. Kila mahali maji yalikuwa yamegeuka mwamba.

Fundi hakutuficha. Alitueleza, naye alikuwa mwalimu mzuri, kwamba filamu ile inaiona buluu kama sisi tunavyoona nyeupe, na kwamba dawa yake ni rahisi: kioo cha manjano cha kuweka mbele ya kamera. Kiliagizwa. Kilikuwa njiani. Mkubwa wenu anajua, alisema, nilimwambia tangu wiki ile ya kwanza. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Sikupata nafasi ya kumfundisha Mulumba kitu asichokijua. Alijua.

Ofisi yake na chumba chetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na mchana ule tulikaa kimya kuliko kawaida, basi tukasikia. Fundi ndiye aliyeanza, akimwita chef, yaani mkubwa.

"Tusimamishe, chef. Tungoje kioo."

"Kioo iko Kasumbalesa, ku mupaka. Malori yamepangana pale mpaka porini, na douane banataka karatasi yenye sijaona. Tungoje mpaka lini?"

"Na ile mayi?"

"Ninajua habari ya mayi! Niko na macho, naona. Lakini unafikiri siku bakubwa banafika na chumba haiko wazi, batauliza habari ya kioo? Batauliza: huyu Mulumba njo nani? Anatoka wapi? Miye ni muntu ya Kasai, bwana. Weye unaweza kupanda ndege. Miye nitapanda nini?"

Kisha fundi, kwa sauti ndogo: "Na bale ba chini?"

"Ba chini," akasema Mulumba, "Mungu atabachunga."

Leo ninapokumbuka maneno yale namwonea huruma kidogo, kwa kuwa hofu yake haikuwa ya kubuni. Watu wa Kasai mjini kwetu walikuwa wamekwisha kufukuzwa kama wageni miaka ya nyuma, na mtoto wao alisoma kwa bidii ili asiulizwe anatoka wapi. Namwonea huruma, na bado nasema alikosea. Vyote viwili vinakaa kwenye kiti kimoja. Mama Ngoie hakulia wala hakugonga ukuta. Alikunja magazeti ya chakula, akanawa mikono tena ingawa ilikuwa safi, akaniuliza swali ambalo nimelitumia maisha yangu yote.

"Hii mashine yako, inaonaka rangi gani muzuri?"

"Nyeusi, mama. Nyeusi inaiona sana."

"Basi tuipatie nyeusi."

Tukachukua wino mweusi wa wachoraji, ule usiofutika kwa maji, na kalamu zao za nibu pana. Shauri langu lilikuwa kuandika EAU, maji kwa Kifaransa, juu ya kila alama ya buluu, kwa kuwa ramani zote zilikuwa za Kifaransa. Mama Ngoie alitikisa kichwa. "Mume wangu iko kule na Baluba, na Babemba, na bantu ya Kasai, na capita wao, mwenye kubasimamia, alitoka shule mbele ya kujua kuandika jina lake. Mayi ikitoka mu ukuta, nani atapiga kelele 'eau'?" Kwa hiyo tuliandika MAYI, kama tunavyotamka Lubumbashi, herufi kubwa, kutoka upande huu wa buluu mpaka upande ule. Yeye aliandika, mimi nikapiga picha, kisha tukabadilishana mkono ulipochoka. Wachoraji wawili walituona. Mmoja aligeuza kiti atupe mgongo. Mwingine alileta chupa nyingine ya wino, akaiweka mezani, akaondoka akipiga mluzi. Ramani zilizokwisha kupigwa picha na zilizokuwa bado zinangoja lori la Kasungami tulizitoa kwenye marundo, tukaziandika, tukazipiga upya. Kazi ikaongezeka, lakini hatukuchelewesha lori hata mara moja. Hilo nililiangalia, kwa sababu sikutaka apate neno la kutushika.

Alilipata hata hivyo. Aliingia asubuhi moja kuhesabu makabati kwa macho, akasimama kwenye meza yangu, akaona.

"Hii ni nini?"

"Ni mayi, citoyen chef," akasema Mama Ngoie.

"Ninaona ni mayi! Nani alibaambia muandike Kiswahili mu documents ya État, ya serkali? Munachafua ramani!"

"Ramani inaenda kuchoma matofali, chef. Tofali haichague luga."

Mtu alicheka nyuma ya kabati. Mulumba akageuka, hakumwona, akarudi kwetu amekunja uso. "Ni documents ya kazi. Kazi iko na luga yake. Luga ya kazi ni français."

Mama Ngoie akaweka kalamu chini taratibu. "Ah, citoyen chef. Kila asubuhi mbele ya bendera banatuambia tuache vintu ya bakoloni, tukuwe authentiques, bantu ya asili. Miye nilikuwaka Bernadette, nikaacha. Sasa mayi yetu peke yake njo ibaki Mubelgiji? Tuende tuulize bakubwa ya parti, siku banakuja?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kila mtu alielewa kwamba amemwekea mlango wa chama mbele ya pua yake, na kwamba mlango ule ungeweza kumfungia hata Mama Ngoie mwenyewe. Mulumba alitoka. Alirudi na pakiti ya nyembe, kwa maana wino wa kitambaa unafutwa kwa kuukwangua na wembe, akagawa mmoja kwangu, mmoja kwa Mama Ngoie. "Mufute," akasema. "Yote. Kesho nitapita." Mlango ulipofungwa, Mama Ngoie alitazama wembe wake kwenye mwanga wa dirisha, akausifu kwamba ni mkali, akatoa nyanya na kitunguu kwenye kikapu chake, akavikata vyembamba kwa chakula cha mchana. Nami nilikata ndimu. Sijawahi kula samaki mtamu kama wa siku ile.

Alipopita kesho yake aliona MAYI zikiwa mahali pake na nyingine zimeongezeka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kamera, nimeishika kwa mikono miwili. Nilimwambia, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia mkubwa jambo hili: "Sifuti." Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia mpaka ikatoka vizuri. "Sifuti, chef. Ukitaka, ufute weye mwenyewe. Au tungoje kioo." Akatazama makabati, akatazama mlango. Kufuta kungehitaji muda, na kupiga upya muda mwingine, na muda ndio kitu ambacho hakuwa nacho. Haraka yake iliyofuta maji kwenye filamu ndiyo hiyo hiyo iliyoyaokoa. Alisema tumalize, tutaonana baadaye. Tukamaliza. Ujumbe ulikuja, wakapiga makofi, wakakaa kwenye viti vipya ndani ya chumba kile, na mtu alilalamika kwamba kinanuka samaki.

Baadaye ilifika. Mimi nilihamishwa kwenye bohari, kuhesabu mabuti na taa za wachimbaji. Sikushika kamera tena. Mama Ngoie aliachishwa kazi kwa utovu wa adabu, na katika mgao wa kitambaa alipewa kipande cha mwisho, chenye madoa. Alikiloweka, akakifua, akashona shati la mtoto wake wa kike aliyezaliwa mwaka huo huo. Begani lilibaki doa la buluu lisilokubali kutoka, na alilionyesha kwa majivuno kama mtu mwingine anavyoonyesha nishani. Karatasi zilikwenda Kasungami. Zipo nyumba mjini kwetu ambazo matofali yake yaliivishwa na kazi ya mikono yetu, nami nikipita kando yake nagusa ukuta. Kioo cha manjano kilikuja pia, kizima, kimefungwa kwa majani makavu, wakati hakukuwa na ramani hata moja ya kukiweka mbele yake. Mume wa Mama Ngoie alifanya kazi chini mpaka alipostaafu. Sitasema ni maandishi yetu yaliyomlinda. Sijui. Hakuna anayeweza kujua ukuta ambao haukutobolewa.

Ninyi mnaofanya kazi maofisini leo mtasema hayo ni mambo ya kamera ya kale. Msiseme haraka. Nyumba yoyote inapohama kutoka makaratasi kwenda mashine, au kutoka mashine kwenda mashine mpya, kuna kitu ambacho cha zamani kilikiona na kipya hakioni, na kipya hakitakwambia, kwa kuwa hakijui kwamba hakioni. Ulizeni kama Mama Ngoie alivyouliza: inaona rangi gani vizuri? Kisha ipeni hiyo. Mnaweza. Si lazima muwe mafundi. Inatakiwa tu kusimama pale ulipoona kitu kimetoweka, usiondoke mpaka kirudi.

Siku ile ya kilio, baada ya chakula, mjukuu wa Mama Ngoie alikuja kukaa nami mkekani. Anaitwa Nadège, amefanana na bibi yake kwa mabega, na anafanya kazi katika ofisi inayohamisha filamu zile za kale kuingia kwenye kompyuta, kwa watu wanaotaka kufungua tena migodi ya zamani. Alisogeza simu yake, akaniita nkambo, yaani bibi.

"Nkambo, nilitaka kumuonyesha marehemu, sikufika mapema. Tizama. Nani aliandikaka hivi?"

Palikuwa na ramani, nyeusi juu ya nyeupe, na katikati ya weupe ulioonekana kama mwamba kulikuwa na neno, herufi kubwa, mguu wa Y umevutwa mpaka chini. Mama Ngoie aliivuta Y yake hivyo.

"Kompyuta inasomaka maandishi ya taipu tu," Nadège akaendelea. "Ya mukono inaruka. Ilipita hii kama haiko kintu. Miye njo niliona. Nikaandika na vidole, ramani moja moja: mayi, mayi, mayi. Chef alisema napoteza wakati. Nikamuambia angoje."

Kisha nikamshika mkono, tukaenda mpaka kwenye kiti cha Mulumba. Aliweka miwani, akaishika simu mbali na macho, akatazama sana. Vidole vyake vilikuwa vimekonda.

"Niliwaambia mufute," akasema.

"Ndiyo, chef."

"Niliwapatia nyembe."

"Ulitupatia. Tulikatia nyanya."

Akaendelea kutazama. "Inasomeka," akasema mwishoni, polepole. "Inasomeka muzuri."

"Mashine haikutushinda, papa Mulumba."

"Hapana."

"Basi simama tena useme. Bantu bangali hapa bote."

Akatafuta fimbo yake chini ya kiti. Nilimpa mkono, akasimama.